Pampu Uliyotutumia

Namatala,
Mbale.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Okoth,

Pokea salamu kutoka huku Mbale. Wewe na Brigid mnaendeleaje hapo Mombasa? Kile kifua kimepoa? Mara ya mwisho kwenye simu ulikohoa hadi nikakosa usingizi. Kunywa maji moto, tafadhali. Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu, ingawa mvua imefanya Namatala yote kuwa matope.

Ojwang mwanangu ni mzima. Naanza na hilo ili usishtuke.

Gari lake la mashindano limekufa injini. Alikuwa anakimbia upande wa Buwenge, akaingia kona kwa kasi, injini ikanoki, ikagonga ndani na kujifunga ghafla, wakatumbukia kwenye miwa. Yeye alitoka na mikwaruzo tu. Sam, anayekaa kando yake kumsomea njia, alivunjika mfupa wa bega.

Sasa nisikilize. Unajua shule sikufika mbali, lakini Asadu, fundi wa Ojwang kule Jinja, alinieleza mpaka nikaelewa. Oili inalala chini ya injini, pampu ndiyo inaivuta na kuisukuma juu kwenye vyuma. Gari la kawaida linaweza kuvumilia pampu iliyochoka. La mashindano haliwezi, maana injini inazunguka kwa nguvu sana, na kwenye kona oili yote inakimbilia upande mmoja. Pampu ikilegea hapo kidogo tu, vyuma vinasagana vikavu na kushikana.

Pampu ile uliituma wewe, ukasema ni mpya. Asadu alitaka kuifungua aikague kwanza, kama anavyofanya kwa kila kitu. Ojwang akamkatalia, akamwambia zawadi ya mjomba haikaguliwi, ni kumtukana. Wakacheka, wakaifunga hivyo hivyo.

Baada ya ajali Ojwang alimfukuza Asadu mbele ya gereji nzima, akisema aliifunga vibaya. Tangu hapo hakuna gereji Jinja inayomtaka. Asadu akaja na ile pampu hadi kwangu, akaifungua juu ya meza ninayolia chakula. Meno ya ndani yamelika. Alipokwangua ile rangi mpya ya fedha, nikaona O yenye mstari katikati, alama unayochonga kwa msumari kwenye kila spea unayotoa kwenye magari mabovu hapo dukani kwako.

Okoth, wewe nilikubeba mgongoni mama alipotuacha. Ungesema ni kuukuu, tungeshukuru vilevile. Kwa nini uliipaka rangi?

Nilimwambia Asadu akamwonyeshe Ojwang. Akakataa. Alisema, "Mama, mimi nitapata kazi nyingine. Yeye atapata wapi mjomba mwingine?"

Nililia, sikufichi. Mtoto wa watu, hata si damu yetu, amekubali jina lake lichafuke ili lako libaki safi.

Mpigie Ojwang mwenyewe, umwambie kwa mdomo wako. Jumapili ya mwisho wa mwezi anakuja kula kwangu, na Asadu nimemwalika pia. Ikifika siku hiyo hujasema, nitasema mimi, nikiwa nawapakulia.

Msalimie Brigid na watoto, mwambie Nafuna shangazi yake anamkumbuka. Mungu akulinde usiku na mchana, akupe na nguvu ya kushika hiyo simu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata kwa hili,
Edinah