Siala za Chekechea

Kibera, 14 Januari 2024

Kwako Baba,

Salamu nyingi. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima. Naandika kwa sababu simu zangu hushiki, na sasa ni mwaka wa tatu tangu nije kuishi na Ogola. Mama Celine anauza mboga huko kwenu, kwenye stendi ya 46, ndiye atakuletea barua hii.

Siku hizi nafundisha chekechea, karibu na ukuta wa mtaa wa Ayany. Uwanja hauna mti hata mmoja na watoto wanachomwa na jua. Nimekumbuka siala za nyumbani Busia na maua yake ya manjano. Nisaidie mbegu, Baba.

Mwanao,
Mourine

Kawangware, mtaa wa Kongo, 2 Februari 2024

Mourine,

Salamu zimefika. Mgongo ni uleule. Niliapa sitaongea na wewe mpaka huyo mtu aje kwangu vile inatakiwa, na sijaongea. Kuandika si kuongea. Ile siku alikuja peke yake nikamfungia mlango. Mtu haji kuomba binti peke yake kama anayekuja kununua stuli.

Mti huo kwetu ni lusiola. Siala ni Kijaluo cha akina Ogola. Mbegu ziko ndani ya bahasha, maana fundi wa viti hawezi kumnyima mtu mti.

Baba yako,
Wesonga

Kibera, 17 Machi 2024

Baba,

Natumai u mzima. Hapa hakuna kilichoota. Nilipanda vile ulinifunza kupanda mahindi: shimo, mbegu mbili, nafukia, nakanyaga. Wiki tano namwagilia udongo mtupu, na watoto wananiuliza kila asubuhi, "Ticha, mti bado umelala?"

Nimewaza vibaya, na afadhali nikuambie. Nadhani ulinitumia mbegu zilizokufa, na ulijua. Kama bado una hasira na mimi, niambie tu.

Mourine

Kawangware, 25 Agosti 2024

Mwanangu Mourine,

Hujambo, na huyo mwenzako hajambo? Nimekaa na barua yako miezi mitano. Iliniuma kwa sababu nusu yake ni kweli. Mbegu zile niliziokota mwaka ule ulipoondoka, zikakaa kwa droo ya misumari. Nilijua mbegu za lusiola hazikai muda mrefu, zinakufa. Nikazituma hivyo hivyo, kwa hasira. Nisamehe.

Nusu ile ingine ni yako. Nani alikuambia mti ni mahindi? Mbegu nyepesi kama karatasi unaitandaza juu, unanyunyizia udongo kidogo tu, unafunika na nyasi. Juzi nilienda matanga nyumbani, nikachuma hizi mpya mwenyewe, na mgongo huu.

Baba yako

Kibera, 20 Oktoba 2024

Baba mpendwa,

Pole na mgongo. Zimeota kumi na moja! Mimi sikuzigusa. Ogola alisoma barua yako mara nne, akanikataza hata kukaribia, akapanda mwenyewe kwenye paketi za maziwa. Akitoka kuchomelea mageti anapitia kwanza shuleni kuziangalia, ndipo anakuja kula. Ana swali kuhusu kuzihamisha, lakini anaogopa mlango wako.

Nilikusamehe siku ileile niliposoma. Nisamehe na mimi, Baba. Nimechoka kukukosa.

Mwanao,
Mourine

Kawangware, 3 Novemba 2024

Mwanangu,

Mimi ni mzima, na nimefurahi mpaka majirani wameniuliza kuna nini. Swali la Ogola sitalijibu kwa barua. Aje aniulize mwenyewe, Jumamosi tarehe thelathini, mchana. Asije peke yake, aje na wazee wake. Shangazi yako Sella nimeshamwambia apike. Wewe uje mapema umsaidie jikoni.

Sasa nataka kujua wazee ni wangapi, nitengeneze viti vya kutosha. Usiandike, barua itachelewa. Piga simu, nitashika.

Baba yako