Nilimwacha Mke Wangu Kwenye Sayari Inayoungua

Mpendwa Mama Cecilia, shikamoo. Naomba msaada wako, na jina langu usilifiche, litaje tu, maana Kivinje nzima wanalijua jambo hili, na kule Miteja kwa wakwe zangu ndio usiseme.

Mimi ni fundi cherehani, nimeoa, mke wangu anaitwa Maimuna na tunapendana, sisemi kwa kujisifu, na starehe yetu baada ya kufunga kazi ni gemu moja ya vita vya angani ambayo wewe unakuwa kapteni wa chombo kinachozunguka kwenye nyota, unapigana na viumbe wenye macho sita, lakini si kupiga risasi tu, kuna mahali gemu inakuuliza, utamsamehe huyu au utamuua, utawapa maji hawa au wale, na ukishajibu hadithi yote inafuata jibu lako, na sisi tuligawana kazi, mimi napiga risasi, yeye anaamua, na alikuwa anaamua vizuri mno, kila tulipopita tulipendwa, hata maadui wengine walihamia upande wetu.

Sasa gemu inakuruhusu kuwapa askari wako majina unayotaka, nikampa mmoja jina la Maimuna na mwingine jina la Likwata, binamu yangu, mtoto wa mjomba, mtani wangu tangu utotoni. Tukafika kwenye sayari inayoungua moto, chombo kinataka kuondoka, gemu ikauliza nimfuate nani, Maimuna aliyekuwa analinda mtambo au Likwata aliyekuwa na majeruhi, nafasi ni ya kumfuata mmoja tu, na mke wangu wakati huo alikuwa jikoni anakuna nazi, mimi nikaona Likwata ana bunduki kubwa na ndiye anayejua kutengeneza chombo, nikabonyeza Likwata. Maimuna akaja na sahani ya wali, akakuta jina lake limeandikwa kwenye ukuta wa mashujaa waliokufa. Akauliza, "Ndio nini hiki?" Nikamweleza habari za bunduki. Akaweka sahani chini, akasema, "Haya, kula."

Tangu hapo kila mtu ndani ya gemu anamzungumzia yeye, askari wanalia, adui ananisuta kwamba nimemwacha Maimuna, na kila jina lake likitokea kwenye TV mke wangu anakohoa. Hata hivyo tulikuwa tunacheka, Mama, wallahi tulikuwa tunacheka, mpaka nikafanya kosa la kumsimulia Likwata, naye alikuwa na safari zake za Miteja, akapita kwa mama mkwe wangu, akaweka mikono kichwani pale uani akaanza kulia, "Poleni jamani, Maimuna katutoka, Abilahi kamwacha kwenye moto!" Mama mkwe akaanguka chini. Walipopiga simu Maimuna akapokea mwenyewe, ndipo Likwata akaeleza kwamba ni utani, na mama mkwe aliposikia habari yote akasema, "Mwanamume anayekuacha kwenye mchezo, siku ya moto wa kweli atakukumbuka?" Akamwita binti yake aende kumsaidia kuokota korosho. Maimuna akafunga mzigo wake, na mlangoni akaniambia, "Nakwenda kupumzika, marehemu hapiki." Sasa kila siku ananitumia ujumbe kuniuliza kama nimekula, na mwisho anaandika: ni mimi marehemu Maimuna.

Nyumba imenishinda. Nikicheza peke yangu nawapiga risasi hata waliosalimu amri. Nimefikiri niirudie gemu tangu mwanzo kwa siri, nimwokoe yeye nimwache Likwata, lakini Likwata kasema nikimwacha nisikanyage kwake. Au niigawe tu hiyo mashine ya gemu? Nataka mke wangu arudi, tena arudi kwa moyo wake, si kwa sababu msimu wa korosho umekwisha. Nishauri.

Abilahi, Kilwa Kivinje

Marahaba, Abilahi. Kwanza tulia. Mwanamke aliyemchoka mumewe haulizi kama amekula, wala hapotezi muda wake kujiita marehemu. Mkeo anakupenda, na nadhani huko shambani anacheka kuliko unavyojua. Hata hapa ofisini barua yako imesomwa kwa sauti na watu wamevunjika mbavu, utusamehe. Lakini kuna kitu kimemuuma, na umekiandika mwenyewe bila kukiona.

Umesema mligawana kazi, wewe upige, yeye aamue. Mambo yote ya maji na msamaha ulimwachia. Likaja moja linalohusu roho yake, ukalikata peke yako, naye yuko jikoni anakuna nazi ya wali wako wewe! Ulishindwa nini kuita? Wanaozijua gemu wananiambia zina kitufe cha kusimamisha. Halafu mtu anakuuliza "ndio nini hiki" na wewe unamweleza bunduki. Hakukuuliza bunduki, baba. Alitaka kujua kwa nini hukumwita.

Na huyo binamu yako ana mdomo. Utani ni wenu ninyi wawili, na siku yako ikifika akitaka kulala ndani ya kaburi lako mpaka abembelezwe atoke, ni haki yake, hakuna atakayemkataza. Mama mkwe wako si mtani wake. Huwezi kumpelekea mzazi msiba wa mwanawe halafu useme ulikuwa unatania. Likwata aende Miteja mwenyewe, na doti ya khanga mkononi, akae chini, aombe radhi. Asichekeshe. Kama hawezi kufungua mdomo bila kuchekesha, atoe khanga anyamaze, mama ataelewa.

Wewe usithubutu kuirudia gemu kwa siri. Maimuna atajua tu, na utaonekana mtu wa kufuta makosa badala ya kuyasema. Mashine nayo usiigawe, haikubonyeza kitufe yenyewe. Funga cherehani uende Miteja kesho asubuhi. Msalimie mama mkwe kwa adabu zote, na ole wako uanze kumweleza habari za viumbe wa macho sita. Mwambie tu, "Mama, nimekosa, nimekuja kuokota." Kisha ingia shambani uiname kama wenzako mpaka mgongo ukukumbushe kazi ya watu. Mkipata nafasi ya kukaa wawili, mwambie mkeo, "Nilipaswa kukuita." Usiongeze neno. Najua ulimi utakuwasha kumtajia nani anajua kutengeneza chombo. Uung'ate. Mwache aseme yake yote, hata kama yatachukua shamba zima.

Mkirudi nyumbani, irudisheni gemu pale mlipoulizwa mmfuate nani, ila safari hii pedi ya kuchezea ashike yeye, na wewe ukae pembeni na mdomo umefungwa. Na akiamua huyo Maimuna wa angani abaki kwenye moto ili majeruhi wapone, usimbishie, na usije ukasema "si unaona." Mwanamke anayewasamehe mpaka maadui, huenda hata siku ile angechagua hivyohivyo, kama ungemwita.