Maji ya Mgeni

Jumatatu, 3 Februari. Lodwar.

Feni imekufa tena. Nimeandika jedwali la wauzaji mara tatu. Nakala ya kwanza ilipata doa la chai, ya pili tone la jasho langu mwenyewe. Siwezi kumpa Hajji karatasi yenye doa.

Wauzaji wamebaki wawili, mmoja wa Nairobi na mwingine wa Eldoret. Wote wanauza kitu kimoja: handaki la kuoshea magari. Gari linaingia na vumbi upande huu, linavutwa na mnyororo katikati ya brashi, linatoka safi upande wa pili kabla dereva hajamaliza kusoma ujumbe kwenye simu. Hajji anataka kulijenga Kakuma, kwenye kiwanja chake kando ya barabara kuu. Anasema Land Cruiser za mashirika ya misaada zinasuguliwa kwa matambara kama sufuria za harusi, na yeye amechoka kutazama.

Mimi ndiye karani wake wa ununuzi. Mwezi wa pili wa majaribio, umebaki mmoja. Karani aliyenitangulia aliagiza tairi zisizoingia kwenye malori, akaondoka siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri. Kikombe chake bado kimo kwenye droo yangu. Sikitumii.

Jumanne, 4 Februari.

Wauzaji wote wawili wanataka maji ya kisima yapimwe kwanza. Maji yenye chumvi huziba matundu ya kunyunyizia na kuacha madoa meupe kwenye rangi ya gari. Hajji alichimba kisima cha Kakuma mwaka jana, lakini hajawahi kukipima. Hajawahi hata kuyaonja maji yake. Husafiri na katoni ya maji ya chupa.

Ameniambia, "Nenda wewe mwenyewe. Usitume mtu."

Nimeosha chupa mbili, nimebandika lebo, nimeandika tarehe ya kesho kwa penseli endapo safari itaahirishwa.

Jumatano, 5 Februari. Kakuma.

Nilifika saa tatu. Jenereta haikuwa na dizeli, pampu haikuwaka. Deng, fundi anayesimamia kiwanja, alikuwa amekwenda kambi ya wakimbizi kwa ndugu zake. Nilimkuta Mama Ewoi peke yake, mke wa askari wa kiwanja. Dereva wangu alikuwa anapiga honi, anataka kurudi Lodwar kabla ya joto la mchana. Nilimwambia Mama Ewoi nahitaji maji ya hapa, nikampa chupa. Akaingia nyumbani kwake na kurudi zikiwa zimejaa. Maji meupe, baridi. Akanipa na ya kunywa. Nilikunywa vikombe viwili.

Fomu ya maabara inauliza: nani alichota, kutoka wapi. Niliandika jina langu. Niliandika kisimani.

Sikuchota mimi. Lakini nilikuwa pale, na kisima ni kimoja tu. Ni kama nimechota mimi.

Ijumaa, 7 Februari. Lodwar.

Chupa zimeondoka na basi la Eldoret, kwenda maabara. Nimepima Land Cruiser ya mteja mmoja, kuanzia chini hadi ncha ya antena ya redio iliyo kwenye bampa. Dereva wake akaniuliza kama nashona suti ya gari. Antena ni ndefu kuliko mlango wa handaki la Nairobi, lakini inakunjwa na kufungwa nyuma. Nimeandika hivyo kwenye jedwali.

Nimelala vibaya. Sijui kwa nini.

Jumatano, 12 Februari.

Majibu yamerudi. Maji mazuri. Chumvi kidogo sana. Maabara wameandika kwamba hayahitaji kusafishwa.

Nimefurahi kupita kiasi. Nilisoma karatasi hiyo mara nne.

Basi kazi ni rahisi. Muuzaji wa Eldoret ameng'ang'ania kutuuzia na mtambo wa kutoa chumvi, hata kabla ya majibu. Aliniambia kwenye simu, "Madam, mimi nimefunga pampu huko kwenu miaka mingi. Maji ya huko nayajua." Nikaona ananidharau. Kwenye jedwali nimeandika: *Anatuuzia tusichohitaji.* Nilipoandika hivyo nilijiona mtu mkubwa.

Alhamisi, 13 Februari.

Nimempelekea Hajji mapendekezo. Nairobi. Amesoma polepole, kidole kikifuata mstari. Amesema "Sawa." Hilo tu. Kwake hiyo ni sifa.

Mtu wa Nairobi atakuja kwa ndege Alhamisi ijayo kutia saini.

Nimempigia simu mama yangu kule Kaikor. Nimemwambia huenda nikaajiriwa kabisa. Akaniuliza kama nakula.

Jumatatu, 17 Februari. Kakuma.

Nimetumwa kupima mahali pa msingi pamoja na Deng.

Deng ni mrefu, alitoka Sudan Kusini akiwa mdogo, anacheka kabla ya kusema. Tulipomaliza kupima akachemsha chai kwenye jiko lake. Nikanywa funda moja, nikatema. Chumvi.

"Dada, ongeza sukari," akasema. "Haisaidii, lakini ongeza tu."

Nikamuuliza maji ametoa wapi. Akanyoosha kidole kisimani. Nikatazama birika lake. Ndani lina ganda jeupe, nene kama ganda la yai.

Nikaenda kwa Mama Ewoi. Nikamuuliza zile chupa alizijaza kutoka wapi.

"Laga," akasema, akionyesha mto mkavu nyuma ya nyumba. "Nilichimba kwa mchanga asubuhi, mapema sana, kabla watu wachafue. Ile maji tamu."

"Mimi nilitaka ya kisima, Mama."

Akanishangaa kweli. "Mwanangu, wewe ni mgeni. Nikupe maji ya kisima, kwani mimi nina wazimu? Hata mbuzi inakunywa ikifunga macho."

Nimezaliwa Kaikor. Nilipaswa kujua. Nyumbani kwetu pia kuna mtungi wa wageni, na mama angenichapa kama ningempa mgeni maji mengine. Nimesoma hadi diploma, nikalisahau hilo.

Deng akasema alidhani najua. Kila mtu Kakuma anajua.

Jumanne, 18 Februari. Lodwar.

Sijamwambia Hajji. Alikuwa na watu wa malori asubuhi yote. Hiyo si sababu. Mlango ulikuwa wazi.

Nimempigia mtu wa Nairobi, nikamuuliza kama mtambo wa kutoa chumvi unaweza kuongezwa baadaye. Niliuliza kama jambo la kupita tu. Akasema mabomba yao hayana nafasi hiyo, na maji yakiwa na chumvi hakuna dhamana. Kisha akauliza, "Lakini yenu si mazuri?"

Nikasema ndiyo, ni mazuri.

Sasa nimedanganya mara mbili. Mara ya kwanza, kwenye fomu, niliweza kujidanganya kwamba si uongo.

Jumatano, 19 Februari.

Naogopa. Nimeandika barua ya kuacha kazi, nikaichana. Nimeandika maelezo ya kurasa mbili, nikaona yanamlaumu Mama Ewoi kwa kila sentensi, nikayachana pia. Yeye hakukosa lolote. Alinipa alichonacho kizuri.

Nikinyamaza, handaki litajengwa. Litaosha magari miezi michache. Kisha matundu yataziba, magari yatatoka na madoa, madereva watarudi kwa vijana wa ndoo na matambara. Deng ataulizwa amefanya nini na mashine. Deng, si mimi. Mimi nina karatasi ya maabara.

Hilo la Deng ndilo linanisumbua.

Alhamisi, 20 Februari.

Nimemwambia.

Niliingia saa mbili. Hajji alikuwa peke yake na tasbihi yake. Nilikuwa nimekariri maneno, yakapotea yote. Nikasema, "Hajji, sampuli haikuwa ya kisima."

"Ilikuwa ya nini?"

"Ya laga. Ni maji ambayo Mama Ewoi anawawekea wageni. Ya kisima ni ya chumvi. Nimeyaonja."

Tasbihi ikasimama. "Nani amesaini fomu?"

"Mimi."

"Na uliandika umechota wewe."

"Niliandika, Hajji."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alitazama dirishani, kwenye lori lililokuwa linageuka uani, hadi likamaliza kugeuka.

"Umejua lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni Alhamisi."

Akaiweka tasbihi mezani.

"Mtu wa Nairobi anatua saa ngapi?"

"Saa nne."

"Mpe chai. Mwambie Hajji anaumwa tumbo, hatii saini leo." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Na chai yenyewe uionje kwanza."

Sijui kama ulikuwa mzaha. Mtu wa Nairobi alikunywa vikombe vitatu, akaniuliza kuhusu joto, akarudi na ndege ya mchana amenuna.

Nimeshakusanya vitu vyangu kwenye mfuko mmoja. Ni vichache.

Ijumaa, 21 Februari.

Hajanifukuza. Baada ya swala ya Ijumaa amepita mlangoni kwangu na kusema, "Kesho saa kumi na mbili. Leta chupa."

Jumamosi, 22 Februari. Kakuma.

Hajji aliendesha mwenyewe. Saa mbili za barabara bila neno, ila alipomkemea ngamia aliyesimama katikati ya lami.

Mama Ewoi alitusalimia, ejok, ejok, akakimbilia mtungi. Hajji akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa polepole, akamaliza. Akasema, "Haya ndiyo yaliyokwenda Eldoret?"

"Ndiyo, Hajji."

"Matamu." Akamshukuru Mama Ewoi. Kisha akamwambia Deng awashe pampu.

Akachukua kikombe hichohicho, akakinga kwenye bomba. Akanywa. Uso wake ukakunjika wote, ndevu na kila kitu. Deng akageuka pembeni, mabega yanatikisika.

"Wewe cheka tu," Hajji akamwambia. "Umekunywa hii mwaka mzima na hujaniambia."

"Hajji hujauliza. Wewe unakuja na katoni."

Nilidhani Deng amekwisha. Hajji akamwaga maji yaliyobaki kwenye mchanga, akanipa nafasi bombani.

Nilijaza chupa mbili kwa mkono wangu. Nikajaza fomu juu ya boneti ya gari, mikono imelowa. Wino ulisambaa kwenye jina langu. Hajji alikuwa ananisubiri, basi nikampa hivyohivyo.

Alhamisi, 27 Februari. Lodwar.

Majibu yamekuja. Chumvi nyingi. Tumechukua wa Eldoret, pamoja na mtambo wake. Nilimpigia mwenyewe kumwambia. Hakusema *nilikwambia*. Aliuliza tu mlango wa handaki uwe na urefu gani, nikamsomea vipimo vya antena.

Majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu. Hajji ameandika sababu kwenye barua kwa sentensi moja, na ni ya kweli. Nimeiweka kwenye faili. Mama nimemwambia bado nasubiri.

Deng amekuja leo kuchukua vipuri. Ameniletea chupa kutoka kwa Mama Ewoi, imefungwa kwa kitambaa kilicholoweshwa ili ibaki baridi. Nilishika kalamu niandike lebo, kisha nikaiweka chini.

Nimetoa kile kikombe cha aliyenitangulia kwenye droo, nimekisuuza, nimemimina. Nimekunywa yote.