Nafasi ya Sitini na Moja

Jumatatu, 17 Novemba 2025

Dativa hajaenda shule. Anasema tumbo. Tumbo gani hilo linalomaliza sahani mbili za ndizi! Najua kisa. Ijumaa ni kikao cha wazazi, na mimi mwenyekiti wa kamati ya shule ndiye husoma nafasi, wa kwanza mpaka wa mwisho, kila mtoto akitajwa anasimama. Muhula uliopita nilimsoma binti yangu mwenyewe: wa sitini na moja, na darasa lina watoto sitini na mmoja. Nikatia na utani. Kwa utani hapa Ijumbi sina mpinzani — watu walicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka.

Jumatano, 19 Novemba

Mwalimu Hellen kaja nyumbani na daftari. Kabadili ratiba ya darasa la sita, la akina Dativa: kila mtoto atafundisha wenzake dakika kumi, kitu anachokijua. Na nafasi zisisomwe tena, kila mzazi apewe karatasi ya mwanawe mkononi. Nikamwambia nimefika Kampala, Kigali, mpaka Goma, utingo wa malori makubwa, shule ya hivyo sijaiona.

"Basi mzee, utaiona hapa Ijumbi."

Kaniweza.

Dativa ndiye ataanza, Ijumaa mbele ya wazazi. Kachagua kupunguza machipukizi ya migomba. Jioni yuko kibanjani, chini ya migomba yetu, anawafundisha mbuzi. Tumbo limepona.

Ijumaa, 21 Novemba

Naandika nje, nyuma ya darasa. Nimeomba dakika tano, nimesingizia haja.

Dativa alianza akiongea na ubao. Kisha akachora shina: mama, mtoto, mjukuu — hao wabaki, wengine kata. Akamwuliza Julius, yule wa kwanza siku zote, angekata lipi. Julius akaonyesha mtoto.

"Hapo umeua ndizi ya mwakani," Dativa akamwambia, taratibu. Julius akaandika.

Ndipo Rugaibula, baba yake Julius, akasimama. Akasema hayo tunayajua vibanjani, tumekuja kusikia nafasi. Wazazi wakampigia makofi. Orodha ya nafasi nikapewa mimi nisome.

Hapa wote wanajua nilifika kidato cha nne. Niliwaambia mwenyewe. Niliishia darasa la tano. Jina langu lilisomwa mwisho, tata, baba yangu, akatoka nje ya kikao bila kuniangalia, na mimi sikurudi tena shuleni.

Wananiita. Kwa dirisha namwona Dativa bado yuko ubaoni na chaki, hakuna aliyemwambia akae. Orodha nimeikunja mara nne. Nikitafuta utani, sipati.

Nikiingia nitaanza na nafasi yangu mimi. Halafu sijui —

Wananiita tena.