Saa Niliyomsomea Baba

Sironga,
Kupitia Posta ya Nyamira.
9 Juni 1971

Mpendwa kaka Momanyi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hamjambo huko Mombasa, wewe na wifi yangu Persis na watoto? Mama anaendelea vizuri na dawa ya kifua. Baba ndiye hali chakula.

Kaka, tumepoteza shamba la chini, lile la majani chai. Kamati ya mipaka ilileta barua ya Kiingereza kwamba kesi yetu na jirani Mogaka itasikizwa Alhamisi, 8.00. Baba aliniuliza ni saa ngapi. Nilikuwa na haraka ya kwenda kuchuma chai, nikamjibu saa nane.

Neno lenyewe, saa, ni la kuazima. Waswahili walilitoa kwa Waarabu, Wajaluo wakalichukua, nasi tukaliita ensa. Na sote tunahesabu tangu jua kuchomoza. Nane ya Wazungu ni mbili yetu. Nilifundishwa hayo shuleni, lakini siku hiyo sikufikiri.

Tulifika saa saba, Baba amevaa koti lake la Sabato. Karani akatuambia kesi iliitwa asubuhi mara tatu, na shamba amepewa Mogaka. Wazee wa kamati walimuuliza Baba mbona amechelewa.

Akasema, "Binti yangu alinisomea vizuri. Ni masikio yangu yamezeeka."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaikunja ile barua.

Rufani ni mpaka tarehe 30 mwezi huu. Walioshuhudia babu akipanda miti ya mpaka wote wamekufa. Umebaki wewe, uliyemshikia kamba ya kupimia. Tafadhali omba ruhusa kazini. Wakikunyima, njoo tu. Najua ni neno zito kumwandikia mtu mwenye watoto, lakini wachumaji wa Mogaka wameshaingia shambani, na mimi sina mwingine wa kumlilia.

Mama nimemwambia ukweli. Baba bado. Jana aliniletea gazeti nimsomee, akasogeza kiti, akanitegea sikio karibu kabisa na mdomo wangu, kama kiziwi. Nilisoma mistari miwili, nikamrudishia gazeti. Nitamwambia Sabato hii, uje usije, shamba lirudi lisirudi.

Mama na shangazi Mong'ina wanawasalimu sana. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dada yako anayekupenda na kukungoja,
Abigael