Glasi ya Pili Juu ya Kigoda

Mwanangu mpendwa Yasinta,

Marahaba mwanangu, maana najua ukifungua tu karatasi hii utasema shikamoo mama hata kama sipo mbele yako. Nimeanza na wewe, sasa ngoja nizunguke nyumba nzima. Bibi hajambo? Magoti yanamwachia kidogo, au bado anashuka kitandani kwa kushika ukuta? Mpelekee shikamoo yangu umshike na mkono, usimtupie kwa mdomo ukiwa jikoni. Petro anaamka mwenyewe kwenda shule au mpaka amwagiwe maji? Neema jino limeota? Mwambie mama yake anataka kuliona. Baba mdogo Fabiani na mke wake wazima? Wale majirani wa ng'ambo ya korongo nao? Ng'ombe je, yule mwekundu ameshazaa? Na punda, mguu umepona? Na Baba yako hajambo? Nimemweka mwisho si kwa kumsahau.

Mimi huku Dar es Salaam ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Joto ni lile lile, nalala na kitambaa chenye maji kifuani. Kazi naiweza. Ila moyo haujakaa, na ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi ambaye kuandika kwangu unakujua, darasa la nne lenyewe nililimaliza kwa kuchungiwa ndama na dada yangu.

Sikutaka kusema haya kwa simu. Simu yako hapo nyumbani ni kama kata ya maji, kila mtu anaichukua, na Petro anasoma ujumbe wa watu kwa sauti kama anasoma somo kanisani. Barua hii nimempa yule dada anayekata tiketi kwenye basi la Katesh, nimemwambia akupe wewe mkononi, asimpe mtu mwingine hata kama ana sura ya huruma. Nimeifunga na uzi mweusi, nimezungusha mara tatu. Ukikuta uzi umezungushwa mara mbili, au ni mweupe, ujue imesomwa njiani, na uniambie.

Sasa nisikilize. Jumapili iliyopita nimetoka kanisani, nikakaa kwenye ngazi za nyuma kuvua viatu, nikafungua simu nione watoto wangu. Nikaona picha uliyoweka mtandaoni. Glasi mbili. Ndani kinywaji chekundu, barafu, kipande cha ndimu kimepachikwa pembeni, na mdomo wa glasi umezungushiwa chumvi. Moja umeishika mkononi, mkono wako nimeujua kwa lile kovu la kuungua na sufuria ya maziwa. Ya pili imewekwa juu ya kigoda.

Nikakupigia pale pale, kiatu kimoja mguuni. Unakumbuka tulivyoongea?

"Yasinta, ile picha ni ya nini?"

"Picha gani mama?"

"Ya glasi."

"Aa, hiyo ni juisi tu mama. Mama, mtandao unasumbua. Haloo? Haloo?"

Mtandao unasumbua, na mimi nasikia kuku wako wanavyogombania mahindi nyuma yako, nasikia mpaka jogoo! Nilipoangalia tena, picha haipo. Umeifuta. Mtu hafuti picha ya juisi, mwanangu.

Na juisi haizungushiwi chumvi. Kinywaji kile nakijua vizuri, kwa sababu nakitengeneza kwa mikono yangu hii kila Jumamosi mchana, rafiki zake Mama Brayani, bosi wangu, wanapokuja kukaa barazani. Niliwahi kukusimulia kidogo, leo nakusimulia chote, ili ujue unaongea na mtu anayejua.

Unamenya embe, unasaga. Unakamua pasheni, unachuja mbegu. Unakamua ndimu, unatia asali kidogo. Halafu ile tekila, pombe yao kali ya chupa, vifuniko viwili kwa kila glasi. Mama Brayani alisema imetengenezwa na mmea unaofanana na mkonge. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia, mama, kwetu Hirbadaw mkonge ni uzio wa zizi, ng'ombe mwenyewe mwenye njaa anaupita. Basi unatia vyote na barafu kwenye kopo, unafunika, unatikisa mpaka kopo linauma vidole kwa baridi. Mdomo wa glasi unaupaka ndimu, unaugeuzia kwenye kisahani cha chumvi.

Mwezi wangu wa kwanza nilitaka kufukuzwa kazi kwa kinywaji hicho. Siku hiyo chumvi ilikwisha, wageni watano wako barazani wananiita mama vipi, mama tumekauka. Nikakumbuka nina magadi kwenye mfuko wangu, yale ya ziwa Balangida tunayowapa ng'ombe, nilikuja nayo ya kulainishia maharage. Nikaona yanafanana na chumvi, yana ukali wa chumvi, nani atajua. Nikayatwanga laini, nikazungushia glasi. Sasa nilipomimina, kile kinywaji na uchachu wake wa ndimu kilipogusa magadi, mwanangu, glasi zilichemka! Povu likapanda, likamwagika kwenye sinia, linasema shhhh kama chuma cha moto kimetiwa maji.

Mmoja, mnene mwenye wigi, akarudisha kiti nyuma. "We mama, umetutilia nini humu?"

Mwingine akasema, "Inachemka bila moto! Mimi sinywi. Hawa wa Manyara mnawajua nyie?"

"Mama Brayani, huyu mtu umemtoa wapi? Ulimchunguza?"

Mama Brayani ananiangalia. Kiswahili chote kilinikimbia. Basi nikafanya kitu ambacho kwetu hata mtoto angekifanya. Nikachukua glasi ya Mama Brayani, iliyokuwa inatoa povu kuliko zote, nikaonja mbele yao, nikameza, nikafungua mdomo waone, nikampa kwa mikono miwili. Wao walifikiri najitetea. Sikujitetea. Kwetu anayemimina ndiye anayeonja kwanza, mkubwa au mgeni apokee akijua hakuna kitu kibaya ndani. Mama Brayani akaniangalia tena, akapokea, akanywa. Akakunja uso. "Jamani, ina ladha ya sabuni," akasema, na wote wakaangua kicheko, na yule wa wigi akarudisha kiti. Tangu siku hiyo wananiita Mama Povu. Lakini mpaka leo, Jumamosi, yule wa wigi hanywi mpaka nionje.

Kwa hiyo mimi kushukiwa nimekujua. Kunauma. Sipendi kukufanyia wewe. Lakini nisome mpaka mwisho.

Ile picha kabla hujaifuta niliiangalia sana. Glasi yako ilikuwa imejaa. Ile ya kigodani ilikuwa imepungua kidogo tu, kama funda moja, na chumvi imefutika sehemu moja ndogo, pana kama mdomo wako. Uliionja wewe. Ulimwonjea mtu. Kijana mwenzako humwonjei, unampa tu anywe. Ulimwonjea mkubwa, au mgeni.

Nikawaza yule nesi wa kiume wa zahanati, aliyehamishiwa huko kutoka Songea. Usifikiri sijui. Kila ukipeleka Bibi zahanati unarudi na habari zake, amesema hivi, amecheka hivi, kwao wanapika hivi. Yule ni mgeni, mgeni unamwonjea. Na watu waliosoma ndio wanaopenda vinywaji vya kwenye glasi. Yasinta, kama ni yeye, mama atakasirika. Nitakusema mpaka uchoke, utaniambia kwa nini aliingia nyumbani wakati sipo, na atakuja kwa njia ya wazee kama watu wanavyokuja. Lakini nitakasirika huku nimepona. Unaelewa? Naomba iwe ni yeye. Mama yako anaomba iwe ni mwanaume, uone nilipofika.

Kwa sababu kinywaji kile kilikuwa chekundu. Si embe, embe hazina wekundu ule. Ni matunda damu, na matunda damu kwetu hakuna mtu ana mti wake, yanatoka Tumati kwa shangazi yako. Na juma lile Baba yako aliniambia kwa simu anakwenda Tumati kuangalia dume la ng'ombe.

Na kigoda kile ni cha nani, mwanangu? Ungemwekea nesi glasi juu ya kigoda cha Baba yako?

Wewe ulikuwa mdogo lakini si mdogo sana. Unakumbuka ile asubuhi ng'ombe wetu walipokutwa katikati ya ngano ya watu, na yeye kalala kwenye mfereji, mbwa amemlalia miguuni. Unakumbuka wazee walivyokaa, na mimi niliyekwenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba, wewe umenishika sketi. Halafu akasimama kanisani mwenyewe, bila kuvutwa na mtu, akasema mbele ya padri na watu wote kwamba amemaliza na pombe. Miaka minne sasa. Hata pombe ya harusi ya Fabiani aliishika tu kwa adabu, akambariki mdogo wake, akaipitisha kwa mwingine bila kuigusa na ulimi. Mimi nilikuwa naangalia koo lake. Halikupanda wala kushuka. Nilikubali kuja huku mbali kwa sababu ya koo lile.

Na sasa nakwambia jambo ambalo limenikosesha usingizi. Ile chupa ya tekila hapo nyumbani niliileta mimi. Krismasi, nilipokuwa nakuja nyumbani, Mama Brayani aliitupa na imebaki karibu nusu, nikaona hasara, nikasema nitamchulia Bibi magoti, dawa ya kuchua ni kali lakini ile ni kali zaidi. Nikaiweka kwenye sanduku la vyombo. Na jioni ile ile niliyofika nikawa nawachekesha, nawaonyesha na kopo tupu jinsi ninavyotikisa, jinsi ninavyozungusha chumvi, Petro anakufa kwa kucheka. Baba yako alikuwa kwenye kigoda chake anashona kamba ya jembe la ng'ombe. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu, hakuinua kichwa. "Na huo mkonge wao, una ladha gani?"

Nikamjibu, "Una ladha ya moshi na pilipili," nikaendelea kucheka. Sikulisikia lile swali mpaka Jumapili iliyopita, kwenye ngazi, na kiatu kimoja mguuni. Miezi yote hiyo limekaa sikioni linanisubiri.

Kwa hiyo sikuandikii kukugombeza. Kama ni yeye aliyekuomba, najua ungekataaje baba yako? Labda alisema kidogo tu, tuone mama yako anachowapa matajiri. Labda ulitaka kumfurahisha, umeona ananyamaza sana tangu niondoke. Nakujua. Kosa la kwanza ni langu, mimi niliyeingiza chupa nyumbani na kufundisha njia.

Fanya hivi. Akienda malishoni, toa chupa sandukuni, isimamishe mezani penye mwanga. Upande wa picha ya mmea, chini, utaona nimekwaruza mstari kwa ncha ya kisu. Hapo ndipo ilipokuwa nilipoondoka. Usishangae, mama yako huweka alama hata kwenye mafuta ya kula. Bibi anachuliwa kifuniko kimoja Jumamosi. Ikishuka vidole viwili chini ya mstari, ni magoti ya Bibi na glasi zenu mbili, basi. Ikishuka zaidi, kuna mtu anakwenda peke yake. Na unuse, usije ukakuta imejazwa maji. Yeye zamani alikuwa anajaza maji.

Ukishapima usimwage, atajua. Irudishe mahali pake, na Baba yako msalimie kwangu vizuri, mwambie nimeuliza habari ya dume la Tumati. Asijue nimeuliza lingine. Bibi mwambie nitamtafutia dawa nyingine ya magoti, hii basi. Petro na Neema wabusu, Fabiani na mkewe wape salamu za shemeji yao.

Mama Brayani nimeshamwambia huenda nikaomba ruhusa. Kanga mbili na sweta ziko kwenye begi chini ya kitanda, zipu nimeiacha wazi. Niandikie vidole vingapi, na jina la mtu wa kigoda. Mambo mawili hayo tu, hata salamu usiweke. Yule dada wa tiketi analala Katesh siku mbili, asubuhi ya tatu anarudi huku. Mpe jibu asubuhi hiyo hiyo, Yasinta, kabla basi halijawasha, nijue kama begi hili nilifunge au nilifungue.

Mimi mama yako anayekupenda,
Mama Yasinta