Uzi Mwekundu katika Injili ya Babu Sarkis

Jumanne, 4 Machi
Magauni mawili ya kwaya tayari. La tatu bado kola. Umeme ukakatika, nikateremsha sanduku la Babu Sarkis. Injili moja, vitabu vitatu vya sala, vyote vya Kiarmenia. Babu alikuja navyo Bukavu kufanya biashara, akamwoa Bibi, hakurudi kwao. Hatujui kuvisoma. Tunachosoma ni ukurasa wa nyuma wa Injili tu: Babu aliandika humo waliozaliwa na waliokufa, naye alipofariki Bibi akaendelea kwa Kiswahili. Wa mwisho ni mimi na mdogo wangu Déo. Paa langu hapa Johannesburg linavuja. Nimeamua, vinakwenda maktaba ya chuo kikuu.

Alhamisi, 6 Machi
Déo kapiga simu kutoka lindoni kwake Midrand. Hataki. Eti natupa ukoo. Nikamuuliza alifungua sanduku mara ya mwisho lini. Tulipokimbia vita Bukavu nilivibeba mimi kwenye gunia la unga. Yeye alibeba redio.

Jumanne, 11 Machi
Chuoni. Mlinzi alidhani nimekuja kufanya usafi. Mama wa maktaba akaangalia herufi, akaniangalia mimi, akauliza nilivipata wapi. Nikafungua ukurasa wa nyuma, kidole kwenye jina langu, kitambulisho pembeni. Akaomba radhi.

Halafu akaona uzi. Ukurasa wa majina uling'oka safarini, nikaushona kwa cherehani. Uzi mwekundu, mshono wa suruali ya kazi, haufumuki. Nilijivunia. Yeye akashika shavu. Akasema wataufumua, na ukurasa utawekwa kando kwenye bahasha, kwa sababu si sehemu ya kitabu.

Si sehemu ya kitabu.

"Basi mama, vyote vinarudi nyumbani," nikamwambia. Nikalipakata sanduku kwenye teksi mpaka Yeoville.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua. Sanduku liko juu ya meza, mabeseni mawili sakafuni. Vikilowa, kosa ni langu, na ninaogopa. Sipigi simu maktaba.

Jumatano, 19 Machi
Wamepiga wao. Uzi utabaki, ukurasa utabaki. Nikasema waandike kwanza. Wameandika barua, wametia sahihi. Nimeisoma mara tatu.

Jumamosi, 22 Machi
Asubuhi nilimwita Neema, binti yangu. Amezaliwa hapa, nikimsemesha Kiswahili hujibu Kizulu. Hakuwahi kuandikwa. Nikampa kalamu ya wino, akaandika jina lake mwenyewe chini ya la Déo: Neema, amezaliwa Johannesburg. Kwa Kiswahili. Aliniuliza neno moja tu.

Déo alikuja na sare yake ya ulinzi, hataji tena habari ya kutupa ukoo. "Eish, dada, sanduku zito hili." Akalibeba hadi ndani ya maktaba.

Mama wa maktaba alifika ukurasa wa nyuma. Aliuona wino mpya. Nikamkazia macho. Akafunga kitabu taratibu, akanipa stakabadhi.

Sanduku limerudi tupu. Nimetia vitambaa vya kwaya. Kola bado.